Ifumbire ni Ifumbire

Shemeji yangu aliniibia samadi. Cheka tu, lakini mwaka ule tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya, Kasulu huko, na ardhi tuliyogawiwa ilikuwa imechoka kabisa. Mimi mjane, watoto watatu. Lile rundo la mavi ya ng'ombe nililolibeba kwa karai msimu mzima ndilo lilikuwa ugali wao.

Nikaenda Munanila kumzika mama. Kurudi, rundo hakuna, limefukiwa katika shamba la kaka wa marehemu mume wangu. Nilipomuuliza akasema, "Ng'ombe ni wa ukoo." Nikachukua jembe langu, nikapanda bila samadi.

Mahindi yake yakafika magotini, yangu ya njano. Ndipo bwana shamba akatuletea mbolea ya chumvichumvi, akatuonyesha: kila shina kizibo kimoja cha soda, weka mbali kidogo na shina, fukia. Shemeji hakuwepo, alikuwa kwenye pombe ya ndizi. Kesho yake akaja kuniuliza inawekwaje.

Sasa, sisi Waha tuna neno moja tu, ifumbire, iwe ya zizini, iwe ya gunia. Nikamjibu, "Ifumbire ni ifumbire, shemeji. Tangu lini nikufundishe mimi?" Sikusema uongo hata kidogo.

Basi ikawekwa kama samadi, konzi nzima, shinani kabisa. Siku chache tu mahindi yakaungua, majani yakajikunja. Kila asubuhi nilipitia pale kwenda kisimani, ingawa haikuwa njia yangu. Nilifurahi, sifichi. Malipo ni hapa hapa duniani.

Yangu ya kizibo kizibo yalizaa. Baada ya mavuno mke wa shemeji akaja na kikapu kitupu, akakaa mlangoni.

"Dada, siku ile bwana shamba anaelekeza, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Basi ungeniambia mimi. Ile mbolea niliiweka mimi, shina kwa shina. Yeye alinipa maneno yako tu. Hajashika jembe tangu tuhamie hapa."

Nikamuuliza mumewe yuko wapi.

"Kibondo, kwa mke mdogo. Tangu mahindi yaungue hajarudi. Huko wamevuna vizuri."

Nikamjazia kikapu. Wanangu walikuwa wamelala njaa kabla ya mavuno, sasa ilikuwa zamu yake, na yule niliyemkusudia alikuwa ameshiba.