Toleo la Kwanza

Kule ofisini kwao Hobart, Tamsin alikwisha kumzoea mwenzake, yule mwandishi wa programu. Huyo husugua vidole, husoma upya alichoandika, kisha husema kwa sauti ya chini, “Bado kidogo.” Programu yake huria, ya bure kwa wote, iliwasomea vipofu maandishi, lakini mwaka hadi mwaka aliiita ya majaribio, kwa kuogopa kuwaahidi watu kitu kitakachowaangusha. Mzee Rawiri, kipofu wa Gisborne, alizoea kumtania kwenye simu: “Binti, ungekuwa mwokaji mikate tungelala njaa! Toa toleo la kwanza, bwana.” Naye hucheka tu.

Jumatatu mwana wa Rawiri alimpigia simu mwandishi. “Baba ametutoka, dada. Programu yako ilikuwa ikimsomea mpaka jana. Haikumwangusha hata mara moja.”

Mchana ule mwandishi akaitangaza kuwa imekamilika, toleo la kwanza. Pongezi zikamiminika. Tamsin alimkuta ameishika simu, machozi yakimtiririka.

“Nilitaka kumpigia yeye kwanza,” akasema.