Kitanda cha Thandi

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu mimi pia nilicheka. Haya niliyaona kwa macho yangu, hapa hapa Mogogosiek, na sikuwa usingizini wala sikuwa nimekunywa kitu.

Mwanangu Kiprono alirudi kutoka Durban na mke, Thandi, na msichana wao wa miaka minne. Thandi alikuwa mtu wa heshima, jamani! Alifundishwa kuchuma majani chai wiki mbili tu, akanipita. Ila kitanda chake alikiinua kwa matofali, manne kila mguu. Alisema kwao kuna tokoloshe, kitu kifupi chenye manyoya, kinanyonga watu wakilala, na kikitia kijiwe mdomoni hakionekani tena. Kitanda kikiwa juu, hakifiki.

"Mama, usitoe hizo, tafadhali," akaniambia.

Nilicheka hadi nikashika mbavu. Lakini kina mama wa kanisa walipokuja kwangu kwa maombi, walichungulia chumbani mwa Thandi, wakaanza kunong'ona mambo ya uchawi. Mimi na mdomo wangu huu wote, nikaona aibu. Kesho yake Thandi akiwa shambani, nikayaondoa matofali yote.

Jioni aliona. Machozi yalimlengalenga, lakini akainama akawasha moto wa chakula. Kwao kama kwetu, hugombani na mama mkwe. Nikamwambia, "Hapa ni Bomet. Yesu anatosha." Wangapi wetu hatujasema hivyo?

Usiku huo Kiprono alikuwa zamu kiwandani. Kulipopambazuka nikaingia jikoni kuchukua ndoo ya kukamulia. Kilikuwa pale. Niamini. Kimo cha goti, uso wa mzee, kimekumbatia kibuyu changu cha mursik, kinakunywa, maziwa yanatiririka kwenye manyoya ya kifua. Mwanzoni, kwa giza la jikoni, nikadhani ni mtoto wa jirani.

"Wewe ni mtoto ya nani?"

Kikaniangalia bila haraka, kikatia kijiwe mdomoni, na hapo hapo sikukiona tena. Kibuyu kilikuwa kinaviringika sakafuni.

Nikakimbilia chumba cha Thandi. Mtoto alikuwa amelala juu ya masanduku mawili yaliyowekwa mezani, amefungwa vizuri na blanketi asianguke. Mama yake alikuwa kitandani, chini, peke yake, ameshakuwa baridi, na shingoni alama za vidole vidogo. Kule juu palikuwa na nafasi ya mmoja tu. Uwii, Thandi wangu!

Hospitali walisema ni moyo. Sikubishana nao.

Mama yake alipiga simu kutoka Durban, Kiprono akitafsiri. Hakunitukana. Aliuliza swali moja tu: "Binti yangu alikuwa analala juu ama chini?"

Nikasema, "Juu."

Kiprono akaniangalia, kisha akautafsiri uongo wangu neno kwa neno. Tangu siku hiyo hajaniita mama. Anaishi Kapsoit na mtoto, na mimi siendi, kwa sababu nitamwambia nini yule mtoto akiniuliza?

Wewe unayenisikiliza, mtoto wa mwenzio akiingia kwako na hofu yake, usimpime imani. Mwache alale vile anataka kulala.