Fundi Tarsis na Pikapu ya Mwenye Nyumba

Fundi Tarsis alipanga chumba cha mwisho, karibu na choo, katika nyumba ya Bwana Nassibu hapa Ilala. Sisi tulikuwa chumba cha tatu. Mchana alitengeneza magari ubavuni mwa nyumba hiyohiyo, kwa ruhusa ya Bwana Nassibu, kwa hiyo chumba chake na kazi yake vyote vilikuwa mkononi mwa mtu mmoja. Mngoni wa Songea, mpole, vidole havitakati hata kwa mchanga na sabuni. Mwanangu Candida alizoea kulala akisikia spana zake, zikinyamaza, anaamka.

Mume wangu Kasmir alibeba mizigo bandarini miaka sita, akiweka akiba ya pikapu ya kuleta nyanya na mchicha soko jipya la Kariakoo. Magari mapya hayakuwepo mjini. Bwana Nassibu akasema anauza pikapu yake aina ya Pijo, iliyotembea hata geji ya kilomita ikajaa na kuanza upya sifuri. Kasmir akamwomba Tarsis aipime.

Bwana Nassibu alichagua Jumapili, saa tisa mchana. Miaka ile Jumapili ikishapita saa nane magari binafsi hayakuruhusiwa barabarani, kubana mafuta. Kuijaribu njiani haikuwezekana.

"Ipimeni hapahapa," akasema. "Hata hospitali mtu hupimwa moyo akiwa amelala."

Mimi nilikuwa kizingitini nachambua mchele, mtoto mgongoni. Tarsis akaweka kiganja juu ya boneti. Bwana Nassibu alisema haijawashwa tangu jana, lakini niliona mkono ule ukirudi haraka kama uliogusa sufuria. Ilikuwa imepashwa moto, isije ikasumbua kuwaka. Akachomoa kijiti cha oili, akasugua kwa vidole viwili. Nzito kama uji wa ulezi. Oili ya namna ile, aliwahi kuniambia, huwekwa kuziba mlio wa chuma kilicholika. Ikawashwa. Akafungua kifuniko cha oili, moshi ukampiga usoni kwa vishindo, kama mtu anayekohoa. Ringi za pistoni zimekwisha, na za Pijo ungezunguka Kariakoo nzima usizipate.

Nikajua amejua. Nikamwona anatazama chumba chake, pale mkewe Severa alipokuwa akianika nepi za mapacha.

"Sema, fundi," Bwana Nassibu akamwambia. "Au Wangoni mnajua mikuki tu?"

Bwana Nassibu ni Mhehe wa Iringa, na Mhehe na Mngoni ni watani tangu vita vya mababu zao. Mtani hachukiwi kwa alisemalo. Hata msibani huja akamlilia maiti kwa kejeli, na wafiwa wakacheka.

Tarsis akazima injini, akavua kofia. Akachukua khanga ya Severa kambani, akaifunika injini, akakaa chini na kushika tama.

"Jamani, msiba. Marehemu kifua kilimbana siku nyingi, ndugu zake Wahehe wakamficha. Wamemnywesha uji mzito asikohoe mbele ya wageni. Kasmir, mdogo wangu, usichukue maiti, huna pa kuzika."

"Maziko lini?" Bwana Nassibu akauliza, ameshika tumbo.

"Leo leo. Wahehe wachimbe, si mmeshapumzika na zile mbio tulizowakimbiza?"

"Mlikimbia nyinyi, mkaenda kuangukia Songea."

Wapangaji wote wakaangua kicheko. Kasmir alicheka mpaka machozi. Bwana Nassibu akiwa bado anacheka akamnyoshea mkono wa mapatano, na Kasmir akaupokea mbele ya watu wote. Tarsis peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama mume wangu.

Kasmir alipoingia ndani nikamwambia, "Baba Candida, fundi amesema kweli."

"Ule utani, mama. Angekuwa na neno angeniita pembeni."

"Pembeni wapi? Nyumba yote ni ya Bwana Nassibu."

Akakaa kitandani, viatu mkononi. "Nimeshampa mkono," akasema. "Nikiurudisha, tutalala wapi?"

Pikapu ilikata pumzi Jumatano, Buguruni, na nyanya zake. Ilirudi ikivutwa kwa kamba. Tangu siku hiyo Tarsis huamka alfajiri, huifungua na kuifunga kwa vyuma vya kuokoteza, wala hataki malipo. Ikitembea siku mbili, ya tatu inalala.

Asubuhi moja nikampelekea chai.

"Nilisema, shemeji," akaniambia, kichwa kikiwa bado chini ya boneti.

"Ulisema, shemeji. Tukacheka."

Akapokea kikombe kwa mkono wa kushoto, akaniomba radhi kwa hilo. Wa kulia ulikuwa umeshika ringi kuukuu ya gari jingine, aliyokuwa akiisugua kwa tupa ipate kuingia.