Dawa ya Lemburis Ilikuwa Mke wa Pili

Lemburis alilima migomba na mahindi kwenye mteremko wa Mlima Meru, juu ya boma la Wajerumani. Alikuwa na mke mmoja, Naeku, na ugonjwa ambao kwa miaka minne hakuna aliyeuona. Desturi ya Waarusha iliuficha: mwanamume akifika kwa mtu wa rika lake, yaani aliyetahiriwa naye, hupokewa, hata kitandani kwa mke wa mwenyeji, na mwenye nyumba haulizi. Lemburis alipokewa karibu kila siku, leo huku, kesho kule. Shamba likamea magugu.

Mwaka 1909 alikutwa kwa mke wa mzee wa rika la baba zake. Huo ni mwiko, na adhabu yake ni kutengwa. Rika lilipomwita, aliomba dawa.

"Nikienda, sitaki kwenda," aliwaambia. "Nikirudi najichukia, na kabla sijafika nyumbani nawaza pengine."

"Ndugu yangu," akasema Sakaya, msemaji wa rika, "hapa wamo wanaouomba ugonjwa huo kwa Mungu."

Wakacheka.

Naeku aliomba kusikilizwa. Alieleza kwamba mwezi ule mumewe alipochimba mfereji na kaka yake, wakilala na kuamka pamoja, hakwenda popote. Basi awekewe mtu wa kutembea naye. Sakaya akajibu kwamba kinachochungwa ni ng'ombe. Wao waliuona ugonjwa huo kuwa ni njaa tu, wakatoa chakula: Lemburis akaozwa mke wa pili, Namnyaki. Naeku alisaidia kukandika kuta za nyumba ya mwenzake.

Lemburis alitulia miezi mitatu. Kisha akakutwa tena, kwa mke yuleyule wa mzee.

Safari hii hakuna aliyecheka. Aliyepewa dawa asipone, walisema, si mgonjwa, ana dharau. Rika lilichinja dume, na Lemburis, ambaye tangu ujana hakuwahi kula nyama bila wenzake, akaambiwa asikaribie.

"Mkinitenga, Sakaya," aliuliza, "nitajizuia kwa ajili ya nani?"

Sakaya akarudi kugawa nyama.

Jioni hiyo Naeku alikuwa akikata majani ya migomba kwa ajili ya ng'ombe alipomwona mumewe akipita njia ya juu, peke yake, kuelekea nyumbani kwa yule mzee. Alifungua kinywa amwite. Hakumwita. Akashika jani jingine, akakata.