Jenereta Isiyo ya Matanga

Muuzaji wa pale Migori hakuniuliza nyumbani kuna vifaa gani. Aliuliza, "Ni ya matanga ama ya disko?" Nikamwambia ni ya mama yangu, anapumua kwa mashine, na stima ya Muhuru Bay hukatika inavyotaka. Akapunguza sauti, kisha akaanza kunionyesha.

Shule niliiacha mapema, na sijawahi kukaa mji mmoja muda wa kutosha kumiliki kitanda, lakini kitu chenye injini hunishika. Nilimchosha kwa maswali. Nilikuwa nimepiga picha kibandiko cha nyuma ya ile mashine ya oksijeni ambayo dada yangu aliazimwa, tukasoma wati zake pamoja. Akanieleza kwamba mashine kama hiyo hudai umeme mwingi zaidi inapoanza kuzunguka, kwa hiyo jenereta iwe na nguvu ya ziada, la sivyo itazima papo hapo. Niliyoipenda ilikuwa ndogo, imefunikwa, unaweza kuongea kando yake bila kupaza sauti. Nguvu yake haikutosha. Kubwa ya aina hiyo ilikuwa imeisha, labda ije wiki ijayo. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemwacha mama ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili akitafuta pumzi. Nikachukua ile ya wazi, yenye fremu ya chuma, inayonguruma.

Niliiweka nyuma ya jikoni, mbali na madirisha, maana moshi wake huua watu kimya kimya, nikavuta waya mnene hadi chumbani. Kesho yake stima ilipokatika baada ya chakula cha mchana, nikavuta kamba. Mashine ikaamka. Midomo ya mama ikaanza kurudiwa na rangi.

Kisha nikasikia nduru. Kwetu boma halina jenereta mpaka mtu afe. Hukodiwa pamoja na hema na spika, na mlio wake ukitoka mahali penye mgonjwa, hakuna anayeuliza. Jirani yetu alikuja mbele, mikono kichwani, wengine nyuma yake wakimlaumu mama kwa kuwaacha. Dada yangu akasimama mlangoni kuwaambia yuko hai. Hawakumwamini mpaka walipoingia.

Mama aliwatazama kutoka kitandani, mrija puani. "Mmenililia vizuri," akasema. "Sasa kaeni mnywe chai."

Walicheka, lakini yule jirani hakuondoa macho kwenye mrija hadi chai yake ikapoa.

Walipoondoka, mama akaniambia niizime. Nikamkumbusha stima haijarudi. Akasema anajua, ila akiusikia ule mlio anajiona yuko nje, chini ya hema, watu wanapita kumwangalia uso. Tulimsihi, akakataa. Alikaa na pumzi fupi fupi mpaka stima iliporudi, ndipo akatoa wazo lake.

"Iwashe kila siku, nyathina, mwanangu, hata stima ikiwepo. Watu wazoee. Na mimi nizoee."

Basi kila alasiri nilichoma petroli bure nyuma ya jikoni, kama tunafanya mazoezi ya msiba. Mwanzoni jirani alikuja mbio bila viatu. Baadaye akawa anachungulia tu juu ya ua, akimwona dada yangu anafua, anarudi kwake. Mwishowe hakuna aliyegeuza kichwa. Wanawake waliendelea kuanika omena zao.

Halafu stima ikapotea kweli, kutwa nzima. Jenereta ilinguruma tangu asubuhi, mama akapumua vizuri, hata akala. Hakuna aliyekuja, hata kumjulia hali. Alikuwa akiutazama mlango.

"Sasa nikienda kweli," akasema, "utawaita na nini?"

Nilisema naenda kuangalia petroli. Tangi lilikuwa na mafuta ya kutosha, nami nikaketi pale pale kando ya mlio, mahali ambapo hangeweza kunisikia nikilia.