Shamba Letu Limehamia Koridoni

Jamani, leo shule yetu hapa Kisesa imejipamba mpaka ikajivua nguo.

Mwalimu mkuu alitaka kila mlango wa darasa usimamishiwe migomba miwili kwa ajili ya sherehe.

Mimi Mhaya, niliyekulia migombani, nikamwambia, "Mkuu, ile ya shamba la shule ina mikungu michanga."

Akanikata jicho. "Mwalimu, unapinga sherehe?"

Haya. Tukakata yote, korido ikawa kijani.

Mgeni rasmi kutoka wilayani akapita katikati ya migomba, anatabasamu.

"Hongereni, ndugu. Sasa nipelekeni kwenye lile shamba la migomba la kujitegemea, mliloandika kwenye ripoti."

Mkuu anatazama dari.

Nikajibu mimi: "Ndugu mgeni, umeshalipita."

Sasa mkuu amenuna. Kwani nimesema uongo?