Baba Alipolia Mezani Kwangu

Baba alifika Kitale asubuhi moja ya msimu wa kuvuna mahindi, bila kupiga simu. Yeye alikuwa mkulima wa miwa kule Kabuchai, Bungoma, mzee aliyeheshimiwa kwa kutosema mengi. Mimi nilikuwa nikifundisha shule ya msingi nje kidogo ya mji. Mke wangu alimwandalia chai na viazi vitamu, kisha akarudi jikoni, maana kwetu mkazamwana na baba mkwe huheshimiana kwa mbali.

Nikamwomba Baba atuombee. Alianza vizuri, akashukuru kwa safari, akaombea mahindi, halafu akafika kwa mtoto wetu aliyefariki siku aliyozaliwa, miezi michache nyuma. Hapo sauti ikakatika. Nilipofumbua macho, machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kidevuni, wala hakuyafuta.

"Baba, unaumwa wapi?"

"Siumwi. Nalia tu."

Sikumwamini. Nilimpeleka kliniki hapo jirani, nikiwa na hakika kwamba ni presha. Daktari akampima, akasema mzee ni mzima kuliko mimi. Tukatoka tukakaa kwenye benchi nje, juani.

"Kanisani kwetu tuko na kikundi cha wanaume siku hizi," Baba akasema. "Pasta aliuliza kila mtu alilia lini mara ya mwisho. Mimi sikukumbuka. Mama yako nilimzika macho makavu, na watu wakanisifu, ati huyo ndiye mwanamume. Halafu nyinyi mkapoteza mtoto na mimi sikukuja. Sikujua mtu anakuja kusema nini."

Nilihisi kitu kama hasira, na sikuelewa kinatoka wapi. Nilipotahiriwa, nikiwa nimesimama uani nimepakwa matope kama ilivyo desturi yetu, yeye ndiye aliyenipigia kelele kwamba nikipepesa jicho nisimwite baba. Sikupepesa. Ndilo jambo nililojivunia kuliko cheti chochote.

"Si wewe uliniambia mwanamume halii?"

"Nilikuambia."

"Sasa niamini gani?"

"Sijui, mwanangu. Yesu alilia kaburini kwa rafiki yake. Lakini hata ile ya kisu siwezi kuikana. Zote ziko ndani yangu, na hazisikizani." Kisha akaniuliza, "Na wewe, moyo wako uko aje?"

Hakuwahi kuniuliza hivyo. Nikamjibu kwamba mahindi ya mwaka huu ni mazuri.

Tuliporudi nyumbani alisimama mlangoni mwa jikoni, akiangalia chini kwa adabu, akamwambia mke wangu, "Pole, mama. Nilichelewa." Mke wangu akaweka mwiko chini, akalia kwa sauti. Mimi nilisimama katikati yao kama mgeni aliyepotea nyumba.

Jioni mke wangu, aliyekuwa amesikia yale maombi kutoka jikoni, aliniambia, "Kumbe baba yako anaweza kumlilia mtoto wetu." Alikuwa anashangaa tu, lakini mimi nilichukua madaftari ya wanafunzi nikaanza kusahihisha.

Disemba nilienda Kabuchai, na Baba akanipeleka kwenye hicho kikundi. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, wengine na gambuti zenye matope. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikaomba machozi kama mtu anayeomba mvua. Hayakuja. Nilisema maneno machache, nikaketi, na Baba akaniwekea mkono mgongoni. Sikujua niuegemee au niuondoe. Niliuacha hapo.

Niliporudi Kitale, mke wangu aliuliza, "Ulilia?"

"Hapana."

"Ulisema nini basi?"

"Nilisema tulikuwa tumemchagulia jina."

Hatukuwahi kulitaja hilo jina tangu siku ya kuzika. "Litaje basi," akasema. Nikalitaja, naye akalirudia polepole.